Zawadi za Naamani



Somo letu la mwezi huu latoka Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa tano. Twawaomba mwusome mlango wote kabla ya kuendelea, maana wengi wetu huisoma habari hii mpaka pale Naamani anapotoka katika mto Yordani hali amepona, kisha hufunga kitabu. Tangu shule ya Jumapili tumefundishwa habari za yule kijakazi mdogo na za kujichovya mara saba. Nusu ya pili ya mlango, ile ya Gehazi, huachwa kama ganda la muhogo. Mwezi huu sisi twaitaka nusu hiyo ya pili. Sababu yake baadhi yenu mnaijua tayari, na asiyeijua ataikuta huko mbele.

Naamani alitoka kwao Shamu na talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu na mavazi kumi. Alipokwisha kupona alirudi kwa Elisha akamsihi apokee zawadi. Elisha akakataa. Akasihi tena, akakataa tena. Sasa angalieni jambo moja. Naamani hakuwa anahonga. Kazi ilikuwa imekwisha, ukoma umeondoka, na nabii hakuwa na uamuzi wowote uliobaki mkononi mwake. Yule jemadari alikuwa anashukuru tu, kama mtu yeyote aliyelelewa vema. Hata hivyo mtu wa Mungu hakupokea hata kitambaa.

Gehazi hakulielewa jambo hili. Machoni pake bwana wake alikuwa amepoteza bahati. Akamkimbilia Naamani njiani, na sikilizeni alivyosema: hakuomba kwa ajili yake mwenyewe. Alisema wamefika vijana wawili wa wana wa manabii, nao wahitaji fedha na mavazi. Kwa lugha ya leo tungesema ni wanachuo wawili. Sisi tuliotumia maisha yetu katika chuo cha ualimu huwa hatuwezi kulipita neno hilo bila kusimama. Gehazi alichukua fedha kwa jina la chuo.

Tuliache shauri hili kidogo, twende mbali, kwa kuwa jambo la mbali huonekana wazi kuliko la sebuleni.

Huko Marekani iko Mamlaka ya Chakula na Dawa. Kampuni haiwezi kuuza dawa mpya nchini humo mpaka Mamlaka hiyo isome majaribio yote na kuridhika kwamba dawa yafaa na madhara yake yanavumilika. Kwetu Tanzania kazi ya namna hii hufanywa na TMDA, ambayo mpaka mwaka 2019 tuliijua kwa jina la TFDA. Penye jambo zito, Mamlaka ya Marekani huita kamati ya washauri: mabingwa wa moyo, wa viungo, wa takwimu, kutoka vyuo vikuu na hospitali. Hao husikiliza pande zote, kisha hupiga kura hadharani. Mamlaka hailazimiki kuifuata kura yao, lakini mara nyingi huifuata.

Mwaka 1999 Mamlaka hiyo iliruhusu dawa ya maumivu ya viungo iitwayo Vioxx, ya kampuni ya Merck. Sifa yake ilikuwa kwamba haiumizi tumbo kama aspirini na jamaa zake. Wazee wenye baridi yabisi waliipenda, na sisi wenye magoti ya miaka sitini na zaidi hatuwezi kuwalaumu. Lakini mwaka 2000 yalitangazwa majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa wapatao 8,000, na ikaonekana kwamba waliomeza Vioxx walipatwa na mshtuko wa moyo mara nne hadi tano kuliko wale waliomeza dawa ya zamani iitwayo naproxen. Kampuni ikasema si Vioxx inayodhuru, bali ni naproxen inayoulinda moyo. Maelezo hayo yakapokewa. Habari ya moyo haikuingizwa katika karatasi ya maelezo ya dawa mpaka mwaka 2002, na dawa ikaendelea kuuzwa. Katika mwaka 2003 peke yake iliingiza dola bilioni 2.5.

Septemba 2004 jaribio jingine lilionyesha hatari ileile. Safari hii naproxen haikuwapo ya kusingiziwa, maana kundi la pili lilikuwa likimeza vidonge vitupu visivyo na dawa ndani. Kampuni yenyewe ikaiondoa Vioxx sokoni dunia nzima. Kufikia siku hiyo watu zaidi ya milioni 80 walikuwa wamekwisha kuimeza. Novemba mwaka huohuo Dk. David Graham, mtumishi wa Mamlaka ileile, alisimama mbele ya kamati ya Seneti akasema kwamba Mamlaka yake imeshindwa kuwalinda raia. Yeye na wenzake walikadiria, katika jarida la Lancet mwaka 2005, kwamba kati ya Wamarekani 88,000 na 140,000 walipatwa na ugonjwa mzito wa moyo ambao bila dawa hiyo wasingeupata. Hayo ni makadirio, wala si hesabu ya makaburi. Lakini hata tukiyakata nusu, ni watu wa wilaya nzima.

Sasa twafika penyewe. Februari 2005 Mamlaka iliita kamati ya washauri 32. Walikaa siku tatu kuziangalia Vioxx, Bextra na Celebrex, zote za jamii moja. Waliulizwa kama Vioxx iruhusiwe kurudi sokoni. Kura 17 zikasema ndiyo, 15 zikasema hapana. Juu ya Bextra, 17 walikubali iendelee kuuzwa, 13 wakakataa, wawili hawakupiga kura.

Siku chache baadaye gazeti la New York Times lilichapisha habari kwamba kati ya wale 32, kumi walikuwa na uhusiano wa fedha na kampuni zilizotengeneza dawa hizo. Walikuwa wamelipwa kwa ushauri, kwa mihadhara, au kwa utafiti. Na hao kumi walipigaje kura? Kwa Vioxx, tisa walisema ndiyo na mmoja hapana. Kwa Bextra vivyo hivyo, tisa kwa mmoja.

Tuliofundisha hesabu mtusamehe, hatuwezi kuiacha hesabu bila kuifanya. Ondoa tisa katika 17, wabaki wanane. Ondoa mmoja katika 15, wabaki 14. Bila wale kumi, Vioxx ingekataliwa kwa kura 14 dhidi ya 8. Bextra ingekataliwa kwa 12 dhidi ya 8. Uamuzi ungegeuka juu chini.

Yafaa tuseme haki yote, siyo nusu yake. Wanane wasio na uhusiano wowote nao pia waliikubali Vioxx, wala hakuna aliyewanunua. Wapo waliosema, na neno lao si la kipuuzi, kwamba anayeijua dawa ya viungo ni yule aliyeichunguza miaka kumi, na anayelipia uchunguzi huo ni kampuni. Ukiwatoa wote waliowahi kugusa fedha ya kampuni, utabaki na kamati ya watu safi wasiojua kitu. Mwaka 2014 ulitolewa utafiti uliochungua kura za kamati za namna hii tangu 1997 hadi 2011. Ulionyesha kwamba mshauri aliyefungamana na kampuni moja tu, ile iliyoleta dawa, alielekea zaidi kuipendelea. Bali aliyekuwa na uhusiano na kampuni nyingi hakuonyesha upendeleo huo. Kwa hiyo jambo lenyewe si jepesi kama tunavyolisema vibarazani. Tena Vioxx haikurudi, na Bextra iliondolewa Aprili mwaka huohuo, kwa kuwa Mamlaka safari hiyo haikuifuata kura ya kamati yake.

Lakini lipo neno lililotugusa zaidi ya hesabu. Wale kumi walipoulizwa na gazeti, wengi wao walijibu kwamba fedha zile hazikuwa na athari yoyote juu ya kura zao.

Ndugu zetu, sisi twawaamini. Twaamini kwamba hawakuhisi kitu. Na tutawaambia kwa nini twaamini, ingawa ni aibu kuyaandika katika gazeti la kanisa.

Mwaka 1989, tulipokuwa bado wageni katika ukufunzi, tulitumwa kuwakagua wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Shule moja ilikuwa mbali, basi likapita mara mbili tu kwa juma, na mvua ilikuwa ya kunyesha usiku na mchana. Tuliposhuka kituoni tulimkuta mzee ametungoja na mwavuli. Alikuwa baba wa kijana tuliyekwenda kumkagua. Akatupeleka kwake. Tulilala siku tatu katika kitanda chake mwenyewe, tukaoga maji ya moto, tukala kuku kila jioni, na siku ya kuondoka tukafungiwa kilo kumi za mchele na chupa ya asali. Mzee yule hakutaja habari ya alama hata mara moja. Alikuwa mtu mwema, naye sasa ni marehemu. Mungu amlaze pema.

Kijana wake alifundisha darasa la tano kujumlisha sehemu. Akaandika ubaoni nusu jumlisha theluthi, akajumlisha ya juu kwa ya juu, ya chini kwa ya chini, akapata mbili ya tano. Mtoto mmoja wa kike alinyosha mkono akauliza imekuwaje jibu likawa dogo kuliko ile nusu tuliyoanza nayo. Akaambiwa akae chini.

Tulikuwa tumekaa nyuma ya darasa, kalamu mkononi. Twakumbuka vizuri tulivyojisemea: kijana ana sauti nzuri, ana moyo, makosa kama haya hurekebika, tena leo ameona mkaguzi akatishika. Tukampa alama ya kufaulu. Hatukuandika neno moja juu ya mbili ya tano. Na mtu angetuuliza njiani tukirudi, mchele ukiwa mapajani, kama tumehongwa, tungekasirika kwa dhati kabisa.

Baada ya miaka miwili tulipita tena shuleni hapo kwa shughuli nyingine. Kijana alikuwa amepangiwa huko. Tukafungua daftari la mtoto mmoja mezani pa walimu. Mbili ya tano, kwa wino mwekundu, na alama ya vema ubavuni.

Musa alipokataza zawadi kwa waamuzi, katika Kutoka mlango wa 23 na tena katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 16, hakusema kwamba zawadi humpofusha mjinga, wala mwizi. Alisema juu ya mtu anayeona, juu ya mtu mwenye hekima. Mwovu hana haja ya kupofushwa, maana anajua atendalo na analitenda macho wazi. Ni mwenye hekima anayehitaji giza, na zawadi humletea giza hilo kwa upole, kama mtu anayepunguza utambi wa taa mgonjwa apate kulala.

Wala isidhaniwe kwamba lazima zawadi iwe kubwa. Tangu mwaka 2010 Wamarekani wana sheria inayozilazimisha kampuni kutaja hadharani kila wanachowapa madaktari, hata chakula cha mchana. Mwaka 2016 watafiti walizichukua hesabu hizo wakazilinganisha na dawa ambazo madaktari karibu 280,000 waliwaandikia wagonjwa. Wakaona kwamba waliolishwa mlo mmoja tu, wa chini ya dola 20, waliiandika zaidi dawa ya yule aliyewalisha kuliko madaktari wasiolishwa. Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu wasiseme kwamba mlo ndio uliosababisha, na sisi tusiseme zaidi yao. Lakini wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mla cha mwenziwe na chake huliwa, na hawakuwa na orodha ya madaktari 280,000.

Hapa mtu atauliza: je, Elisha hakuwahi kupokea kitu? Alipokea. Rudini mlango mmoja nyuma. Mwanamke Mshunami alimjengea chumba juu ya nyumba, akamwekea kitanda, meza, kiti na taa. Elisha akalala humo. Na asubuhi moja alifanya nini? Alimwita yule mama akamwuliza: umetuhangaikia hivi, basi tukutendee nini? Je, wataka tukusemee kwa mfalme? Mnaona? Nabii wa Mungu, mtu ambaye baadaye alikataa dhahabu ya Shamu, alilala kitandani mwa mtu na alipoamka wazo lake la kwanza lilikuwa kumtafutia neno kwa mfalme. Hilo ndilo umbo la moyo wa mwanadamu, nalo si umbo baya. Bila hilo kusingekuwa na ujirani. Aliyeliokoa jambo ni yule mama. Alijibu kwamba anakaa kati ya watu wake mwenyewe, hahitaji kusemewa. Tumehubiri habari ya mama huyu mara nyingi kwa sababu ya mtoto wake aliyefufuliwa. Yafaa siku moja ahubiriwe kwa jibu hilo peke yake.

Upo upofu mwingine unaokuja kabla ya zawadi. Katika Matendo ya Mitume mlango wa 24 liwali Feliki alimweka Paulo gerezani miaka miwili. Hakupokea hata senti. Alitumaini tu kwamba ipo siku atapewa, na tumaini hilo likatosha kuikalia haki.

Desemba 1995 Mamlaka ileile ya Marekani iliruhusu dawa kali ya maumivu iitwayo OxyContin, ya kampuni ya Purdue Pharma, dawa ya jamii moja na kasumba. Karatasi ya maelezo iliyoidhinishwa ilisema kwamba kwa kuwa dawa huingia polepole mwilini, inaaminika hupunguza hatari ya watu kuitumia kama ulevi. Wauzaji wa kampuni walilibeba neno hilo kwa madaktari nchi nzima. Mwaka 2001 neno likafutwa, na huku nyuma miji mizima ya wachimba makaa ilikuwa imekwisha kuzama. Mwaka 2007 kampuni iliyohusika ilikiri mahakamani kosa la kuupotosha umma juu ya dawa hiyo. Ofisa aliyesimamia mapitio ya dawa ile serikalini aliacha kazi, na hazikupita siku nyingi akawa mwajiriwa wa Purdue. Hakushtakiwa kwa lolote, nasi hatumshtaki. Twasema tu kwamba mlango kati ya meza ya mwamuzi na meza ya aliyeamuliwa ulikuwa wazi, na mtu akiona mlango wazi kila siku hawezi kusahau kwamba upo.

Juu ya ada tutasema kwa ufupi. Tangu mwaka 1992 kampuni hulipa ada kubwa Mamlaka ipate kuajiri watu wa kusoma majaribio haraka, na leo zaidi ya nusu ya fedha za kazi hiyo ya dawa za binadamu hutoka kwa kampuni zenyewe. Wengine wanaiita rushwa iliyoandikwa sheria. Sisi hatuendi mbali hivyo. Kabla ya hapo dawa zilisubiri miaka, na mwaka 1988 wagonjwa wa UKIMWI walikwenda wakaizunguka ofisi ya Mamlaka wakilia kwamba wanakufa wakingoja karatasi. Kuchelewa nako huua. Lakini mtihani unaolipiwa na mtahiniwa, sisi walimu twajua una harufu gani.

Basi tumtaje mmoja aliyeshinda. Agosti 1960 mama mmoja, Dk. Frances Kelsey, aliajiriwa katika Mamlaka hiyo, na mwezi uliofuata akapewa faili lake la kwanza. Lilikuwa la dawa ya usingizi iitwayo thalidomide, iliyokuwa ikiuzwa Ujerumani Magharibi tangu 1957 na katika nchi nyingine nyingi. Wakubwa walimpa mgeni faili hilo kwa kuwa walidhani ni jepesi. Sheria ya siku zile ilisema kwamba Mamlaka isipotoa hoja ndani ya siku 60, dawa inaruhusiwa yenyewe. Kila siku 60 zilipokaribia kwisha, mama Kelsey aliandika kwamba ushahidi hautoshi, na hesabu ikaanza upya. Kampuni ilimwandama kwa simu, kwa barua, na kwa kufika ofisini. Ikawalalamikia wakubwa wake kwamba ni mkaidi, anachelewesha mambo. Yeye alikuwa amesoma katika jarida la madaktari la Uingereza barua ya daktari aliyeona mishipa ya fahamu ya wagonjwa ikiharibika, na akauliza: kama yaharibu mishipa ya mtu mzima, je, kwa mtoto aliye tumboni?

Novemba 1961 dawa iliondolewa Ujerumani. Watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wamezaliwa na viungo pungufu, wengine bila mikono, wengine bila miguu, na wengi hawakuishi. Marekani waliathirika wachache tu, kwa vidonge vilivyogawiwa madaktari kwa majaribio. Mwaka 1962 Rais Kennedy alimvika mama huyo nishani, na Oktoba ya mwaka huo sheria ya dawa ikabadilishwa. Aliishi mpaka 2015, akafa akiwa na umri wa miaka 101.

Tunalopenda kwa mama huyu ni udogo wa alichokifanya. Aliandika barua fupi. Kisha akaandika nyingine kama hiyo. Watoto waliozaliwa Ohio na Texas na mikono yao miwili hawakujua hata jina lake, na hawakuwa na sababu ya kulijua.

Sasa turudi nyumbani, na hapa tutawaomba mtuvumilie.

Mnajua kwamba zahanati yetu ya mtaa, dawa zikikosekana bohari ya serikali, hununua kwa wauzaji wa binafsi, na kwamba kila mwaka kamati ya watu saba huchagua muuzaji mmoja. Sisi tunaoandika ni mmoja wa hao saba. Mnajua pia kwamba mfanyabiashara mmoja, ambaye hatumtaji, ameleta mifuko 40 ya saruji kwa ajili ya sakafu ya ukumbi wa kanisa. Wengi tulipiga makofi, pamoja na sisi wenyewe, tena kwa nguvu. Hakuna aliyemwomba Mungu msamaha kwa makofi hayo na pengine haikupasa, kwa maana ukumbi wenyewe ni vumbi tupu na akina mama wanakalia mikeka. Lakini mfanyabiashara huyo ni mmoja wa watatu walioleta bei za dawa. Saruji imekuja kwa jina la kanisa, kama vile fedha za Naamani zilivyoombwa kwa jina la wana wa manabii.

Na lipo ambalo hamlijui, ambalo hatujalisema kikaoni. Mjukuu wetu ameajiriwa katika duka la mfanyabiashara huyohuyo tangu mwezi Januari, kuandika vitabu vya hesabu. Alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili baada ya kumaliza masomo. Siku alipopata kazi tulishukuru madhabahuni, na wengi wenu mliimba pamoja nasi bila kujua ni duka gani. Katika kikao cha Machi tulizipitia bei za watu watatu, tukasema kwamba bei za huyu zaonekana nafuu. Tumezisoma tena juma lililopita. Ni nafuu katika vidonge vya maumivu. Katika dawa za malaria za watoto ni ghali kuliko wote.

Hatukusema uongo kwa kusudi. Tulisoma ukurasa wa kwanza kwa makini, na wa pili kwa haraka.

Tumemwandikia Padre barua kuyaeleza hayo yote, na tumeomba mambo mawili: tutoke katika kamati kwa shauri hili, na barua isomwe kwa wajumbe kabla hawajapiga kura. Juu ya saruji tumesema ni shauri la Halmashauri ya Kanisa, si letu. Padre amejibu kwamba kamati itakutana Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa tisa alasiri, na kwamba mkutano utakuwa wazi kwa Mkristo yeyote anayetaka kusikiliza. Njooni.

Mjukuu wetu tulimwambia mwenyewe kabla ya kuandika, kwa kuwa si haki ayakute gazetini. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, “Babu, mimi nimekosa nini?” Tukamwambia hajakosa kitu. Akauliza kama atafukuzwa. Tukamwambia hatujui.

Mifuko 40 ingali katika stoo nyuma ya kanisa, haijafunguliwa. Mvua za vuli zi karibu, na mzee wa kanisa anayeshika ufunguo ameomba turubai, maana paa la stoo lavuja.